Mhimili Uliosokotwa

Ilikuwa Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi, na upepo mkavu wa Julai ulikuwa umeanza kuyachezea mabati ya gereji. Anga ya Dodoma haikuwa na wingu. Baridi ilikuwa ya kuvalia sweta. Vumbi jekundu la Mzunguko wa Chamwela, uwanja wa kuendeshea magari, lilikuwa limeingia katika kila kitu kilichoachwa wazi, ikiwemo chai ya Nakijwa Mbwambo, ambaye aliisukuma kando bila kuionja, akalala chali na kujiingiza chini ya dashibodi ya gari lililogonga ukuta.

Gari lilikuwa dogo, la viti viwili, la umeme, rangi ya chungwa lililoiva. Ubavu wake wa kulia, upande wa dereva, ulikuwa umeingia ndani kama kopo lililokanyagwa. Nyuma, kwa herufi nyeupe za brashi, mwenyewe alikuwa ameandika HARAKA YA NINI, kwa mtindo wa mabasi ya zamani.

"Mhandisi, uko hai huko chini?" aliuliza Dastan.

"Nipe spana ya kumi na tatu."

"Sema tafadhali. Chuoni hawakukufundisha?"

"Tafadhali, Dastan."

"Umeona? Na kichwa hakijakuuma."

Dastan alikuwa fundi wa bodi, mwanamume wa miaka hamsini na ushee mwenye mdomo usiopumzika. Yeye alinyoosha chuma. Nakijwa alishughulika na kila kilichozunguka, kilichosukuma au kilichofikiri. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu kiasi cha kugombana bila kununiana.

Mwenye gari alikuwa Mzee Masumbuko Chilewa. Alikuwa ameendesha mabasi ya Mwanza kwa miaka thelathini, mpaka sheria ilipowatoa watu kwenye usukani. Tangu hapo barabara zote zilikuwa za magari yanayojiendesha. Aliyetaka kushika usukani kwa mikono yake alikwenda kwenye uwanja wenye uzio, siku zilizopangwa, akavaa helmeti, akazunguka mpaka hamu imwishe. Hamu ya Mzee Chilewa haikuwahi kwisha.

Mwezi Mei, akitoka kona ya sita kwa kasi, alimkuta Sikitu katikati ya njia. Sikitu alikuwa mshika bendera wa kona hiyo, na alikuwa ameingia kuokota bampa lililodondoka kutoka gari la mbele. Breki zisingewahi. Gari lilikata kulia, likampita kwa upana wa mlango, likaingia kwenye zege. Sikitu alibaki amesimama na bampa mkononi. Mzee Chilewa alivunjika nyonga na mbavu, akapoteza fahamu. Alipozinduka hospitalini, alikuwa shujaa.

Sasa alitaka gari lake lirudi, na lirudi likiwa bora zaidi. Agizo lake lilikuwa fupi: fremu mpya, breki kubwa, shokapu ngumu, na Mwenza atoke.

Mwenza alikuwa kiboksi chenye ukubwa wa mche wa sabuni, kilichofungwa kwenye mhimili wa usukani pamoja na mota yake. Kila gari la kuendeshwa kwa mkono liliuzwa naye. Aliisoma njia, akaisoma mikono, na dereva alipochelewa, yeye aliwahi. Aliusogeza usukani kwa ulaini mno, hata dereva akaamini kwamba ameusogeza mwenyewe. Ulaini huo haukuwa wa bahati. Waliombuni walikuwa wamegundua kwamba mteja anayejua ameokolewa harudi uwanjani. Kwa sababu hiyohiyo Mwenza hakuhifadhi kumbukumbu yoyote. Alitenda, akasahau.

Kanuni za Chamwela zilimruhusu mwenye gari kumtoa Mwenza, mradi fundi wake aridhie. Kuridhia huko hakukuwa kwa maneno. Gari lililogonga liliporudi uwanjani, aliyelijenga alikaa kiti cha kushoto kwa mzunguko wa kwanza. Hakuna aliyeandika desturi hiyo popote. Fundi aliyeikataa alijikuta hana mteja.

Nati ya mwisho ilikubali. Nakijwa aliutoa mhimili, akatambaa nje, akauinua kwenye mwanga.

Ilikuwa fimbo ya chuma iliyotoka kwenye usukani, ikapita kwenye mota ya Mwenza, ikashuka hadi kwenye magurudumu. Alitarajia kuikuta imeharibika chini, kwa kuwa ukuta uliyapiga magurudumu. Chini ilikuwa imenyooka. Juu, kati ya mota na usukani, mahali ambapo chuma kililainishwa makusudi kisije kikamtoboa dereva kifua, mhimili ulikuwa umesokotwa kama nguo inayokamuliwa.

Alikaa kwenye tairi. Nguo haikamuliwi na mkono mmoja. Wanahitajika wawili, kila mmoja akizungushia upande wake. Mota ilikuwa imezungusha kulia. Alifuata mkunjo wa chuma kwa kidole, mara moja, mara ya pili. Mikono ya Mzee Chilewa ilikuwa imeushikilia usukani kwa nguvu zote ili usiende kulia. Ilikuwa imeukaza uende moja kwa moja.

Moja kwa moja alikuwapo Sikitu.

"Nini?" Dastan aliuliza. "Umekuwa kama umeona nyoka."

Nakijwa aliufunga mhimili kwenye kitambaa. "Hakuna. Endelea na mlango."

*

Jumanne Mzee Chilewa alikuja kuangalia kazi. Aliletwa na gari la mjini, lisilo na usukani, ambalo lilimfungulia mlango na kumtakia siku njema.

"Nyamaza," alilijibu, akashuka kwa mkongojo. Zulia la mbele ya kiti chake lilikuwa limelika upande wa kulia. Kila safari mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo.

"Shikamoo, baba," Nakijwa alisema.

"Marahaba, mhandisi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Fremu imeingia. Hii ni nyepesi kuliko ya kwanza na haijipindi. Breki za mbele tumeongeza kipenyo. Shokapu zimefika jana."

"Na yule mpambe?"

"Mwenza? Nimemtoa."

"Safi sana." Mzee alizunguka gari akigonga bati kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Nimeishi naye kama mgeni asiyejua kuaga. Dastan, mlango huu umeunyoosha au umeubembeleza?"

"Vyote viwili, mzee. Ukiugonga tena nitakufunga wewe mahali pake."

Mzee alicheka mpaka mbavu zikamkumbusha. Kisha akaegemea meza, na sauti yake ikawa ya mtu mwenye jambo. Madereva wenzake wa zamani walikuwa wameunda umoja. Walitaka serikali iwafungulie barabara moja tu, hata ya vumbi. Siku ya mzunguko wa kwanza wangekuja na ngoma, na redio ingekuwepo. "Jana wamenihoji. Nimewaambia mashine inahesabu, lakini mkono wa mtu una huruma. Mtangazaji amelia, mhandisi. Mtu mzima na ndevu zake."

Nakijwa alikuwa anafuta bisibisi iliyokwisha kuwa safi. Mhimili ulikuwa kwenye droo, nusu hatua kutoka kwenye kiuno cha mzee. Alifungua mdomo.

"Hodi humu!" Sikitu aliingia na koti lake la njano na bakuli lililofunikwa kwa kanga. "Baba, nimejua uko hapa, nimeona lile gari lako linaongea peke yake huko nje. Mama kakupikia chapati. Dada Nakijwa, shikamoo. Shemeji Dastan, wewe shikamoo huna."

"Mimi shemeji yako tangu lini?"

"Tangu ukatae nikuite mzee."

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu, mwepesi wa mwili na wa maneno. Tangu Mei hakuwahi kumwita mzee kwa jina. Alimtengea kiti, akamwekea mkongojo mahali pa kufikika, akamsimamia mpaka akala. Ndipo akamgeukia Nakijwa.

"Dada, nina ombi. Jumamosi ijayo nipe kiti chako."

"Kiti gani?"

"Cha kushoto. Mzunguko wa kwanza. Najua ni cha fundi, lakini wewe umelijenga gari, na mimi gari limenipa maisha. Baba amekubali."

"Nimekubali," mzee alisema, mdomo umejaa.

"Nitafikiri," alisema Nakijwa.

"Ufikirie nini tena? Unaogopa kwamba kazi yako mbovu?"

Wote walicheka. Nakijwa naye alicheka, kisha akatoka nje, akanawa mikono bombani, akarudi, akatoka tena akanawa.

*

Jioni hiyo alimwonyesha Dastan mhimili. Hakumweleza kitu. Dastan alikuwa amenyoosha vyuma tangu ujana, na chuma kilichosokotwa hakikuhitaji mkalimani. Aliuzungusha mara mbili, akaurudisha mezani taratibu.

"Aliganda," alisema.

"Aliyeganda halegezi wala hakazi. Huyu alikaza. Alishindana na Mwenza."

"Kwa nini mtu ashindane ili agonge mtoto wa watu?"

"Sijui."

"Basi kama hujui, nyamaza. Mwache mzee na chapati zake."

"Na Jumamosi?"

Dastan alikuna shingo. Upepo ulipita juu ya bati, ukaliinua, ukaliachia. "Mrudishe Mwenza. Kimyakimya. Ni mche wa sabuni, mzee hatamwona. Msichana atakaa salama, mzee atakuwa na furaha, redio italia. Nani ameumia?"

"Aliagiza atolewe. Gari ni lake."

"Na roho ni ya Sikitu. Wewe chagua."

Hilo ndilo lililomkosesha Nakijwa utulivu wiki nzima. Njia zilikuwa tatu, na kila moja ilimwasha. Akitii agizo na kunyamaza, angemkabidhi gari bila mlinzi mtu ambaye mikono yake ilikwisha kuonyesha itafanya nini. Akimrudisha Mwenza kwa siri, angekuwa ameungana na waliokibuni kile kiboksi, ambao waliona dereva ni mtoto wa kudanganywa na peremende. Na akisema kweli, angemnyang'anya mzee kitu pekee alichokipata tangu anyang'anywe barabara.

Alhamisi alimrudisha Mwenza. Alifunga mhimili mpya, akaunganisha nyaya, akaona taa ndogo ya kijani ikiwaka ndani ya giza la dashibodi. Akafunika. Ijumaa asubuhi alifika kabla ya Dastan, akafunua, akamtoa. Mchana aliacha shokapu moja imefungwa nusu, akatembea kwenye upepo hadi kona ya sita. Alama za tairi bado zilikuwepo kwenye lami. Zilianza zimenyooka, zikaenda hivyo urefu wa chumba kimoja, kisha zikakata kulia ghafla. Huo urefu wa chumba kimoja ndio uliokuwa mashindano. Alisimama pale Sikitu aliposimama, akatazama upande magari yalikotokea, na akajua kwamba hatampa Sikitu kiti kile kabla mzee hajaambiwa.

Alirudi akamaliza shokapu.

*

Jumamosi ilifika na upepo uleule. Kwenye uzio madereva wa zamani walikuwa wamejipanga, mashati yamepigwa pasi, wengine na kofia za kampuni zilizokwisha kufa. Ngoma yao ililia bila mpangilio maalumu. Gari la chungwa lilisimama mbele ya gereji, limeng'aa, na Sikitu alikuwa amekwisha kuvaa helmeti, ingawa zamu yake ilikuwa bado.

Nakijwa alimwita Mzee Chilewa ndani, akafunga mlango wa bati, akampa mhimili mikononi.

"Huu ulikuwa wa kwako. Usome."

Mzee aliuweka mkongojo kando. Alipitisha gumba juu ya chuma, kutoka kwenye magurudumu kwenda juu. Lilipofika kwenye mkunjo lilisimama.

"Umesokotwa," alisema. "Ni ukuta?"

"Ukuta ungesokota chini. Hapa ni juu ya mota, baba. Ni kati ya mota na mikono yako."

"Mota ilivuta wapi?"

"Kulia."

Nje, ngoma ilichapuka. Mzee alikaa kwenye kiti cha Dastan, akaulaza mhimili mezani. Aliinua mikono yake miwili mbele yake, ikashika usukani ambao haukuwepo, usukani mpana kuliko wa gari dogo, uliolala kama sinia. Mabega yake yakajiweka sawa. Nakijwa aliona viganja vikikaza, mishipa ikisimama, na usukani ule wa hewani haukuzunguka hata kidogo.

"Shika njia," mzee alisema kwa sauti ya chini.

"Unasemaje?"

"Ndiyo kitu cha kwanza tulichofundishwa. Mtu akiingia barabarani, breki, honi, shika njia. Usukani usiuguse. Ukimkwepa mmoja, unawapindua sitini. Mwalimu wetu alikuwa anatupiga viganja kwa rula kila tulipokwepa. Tulikuwa tunafanya mazoezi na kirobota cha majani, mzigo uliofungwa kwa kamba, kinatupwa mbele ya basi, unakipitia. Unakipitia mpaka mikono ikome kuuliza."

"Uliwahi—"

"Sikuwahi. Miaka yote ile Mungu alinisitiri, hakuna aliyeingia. Nilikuwa namshukuru kwamba sijapimwa." Aliishusha mikono, akaitazama kama mali ya mtu mwingine. "Kumbe mtihani ulinisubiri huku. Na nyuma yangu hapakuwa na abiria hata mmoja."

Nakijwa alikuwa amejiandaa kwa mzee atakayekana, na kwa mzee atakayelia. Huyu hakufanya hivyo. Aligeuka, na macho yake yakawa makali.

"Chuma hiki unacho tangu lini?"

"Tangu siku niliyofungua usukani."

"Nikahojiwa na redio."

"Ndiyo."

"Nikasema habari za huruma, wewe unafuta bisibisi."

"Ndiyo, baba. Nilitaka kusema nikashindwa. Juzi nilimrudisha Mwenza bila kukuambia. Jana nikamtoa."

"Na leo nini kimekufungua mdomo?"

"Sikitu anataka kukaa kushoto."

Mzee aligeuza uso kuelekea mlangoni. Kisha akauliza haraka, kana kwamba anawahi kabla hajaogopa: "Ile kona ya nne mwezi wa tatu, nilipompita yule kijana kwa nje, watu wakapiga makofi. Ilikuwa mimi?"

"Sijui."

"Na siku ya mvua?"

"Sijui, baba. Mwenza hahifadhi. Ulaini wake ni wa kiwanda. Wanataka usihisi."

"Kwa hiyo sitajua kamwe ipi ni yangu na ipi ni yake."

"Hutajua."

"Huo ni wizi," alisema. "Kunyang'anywa barabara nilikuona kwa macho. Huu sikuuona." Alisimama, akaanza kutembea bila mkongojo, kutoka mezani hadi mlangoni, akishika kila kilichokuwa karibu. "Haya, mhandisi. Wewe ndiye uliyesoma. Bila yeye, nitagonga mtu. Pamoja naye, mimi ni pambo. Nifanye nini?"

Nakijwa alikuwa ameanza kujibu kwamba hajui, akasita. Swali lilikuwa la kiufundi zaidi kuliko alivyodhani. "Kumtoa si lazima," alisema. "Wala kumwacha alivyo si lazima. Ulaini naweza kuuondoa. Ni programu, na kuna stopa moja ya mpira kwenye mota, inayomeza mtetemo. Nikiikata, kila akishika usukani utatetemeka mikononi mwako. Kwa nguvu. Hutaweza kusema ni wewe."

"Nitajua nimeshikwa."

"Kila mara."

"Na ikitokea kwamba nimeshikwa kila kona?"

"Utakuwa umejua."

Mzee alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Umeniletea dawa chungu. Inachukua muda gani?"

"Leo haitawezekana. Ni kazi ya siku kadhaa, na kuijaribu."

"Basi leo gari haliendi." Alichukua mhimili kwapani na mkongojo mkononi. "Fungua mlango."

*

Sikitu alikuwa ameegemea gari, helmeti kichwani, kioo cha uso kimeinuliwa. "Mmekawia! Mlikuwa mnaoana?"

"Vua hiyo, mwanangu," Mzee Chilewa alisema.

Alimweleza palepale, Dastan na Nakijwa wakisikia. Hakuficha wala hakurefusha. Alimwonyesha mkunjo kwenye chuma, akamweleza habari za kirobota cha majani, na kwamba aliyekata kulia ni kiboksi.

Sikitu alisikiliza akiwa amekumbatia helmeti. Uso wake ulibadilika polepole, kama maji yanayotulia.

"Kwa hiyo wewe ungenigonga."

"Ningekugonga."

"Kwa kukusudia?"

"Kwa kuzoea."

"Hiyo ni mbaya zaidi," alisema.

"Naona hivyo."

"Mama yangu anakuombea kila alfajiri. Kwa jina. Anapiga magoti na goti lake bovu." Aliigeuza helmeti mikononi. "Nikamwambie nini? Amwombee kiboksi?"

"Aniombee mimi vilevile," mzee alisema. "Ila abadilishe maneno."

Dastan aligeuka akatazama kilima kilichokuwa mbali. Sikitu alimtazama mzee muda mrefu, akamtazama Nakijwa, na Nakijwa akalipokea lile jicho bila kuinamisha kichwa.

"Na wewe dada ulikuwa unajua nilipoomba kiti."

"Nilikuwa najua."

"Ungeniacha nikae?"

"Alhamisi ningekuacha. Jana hapana."

"Alhamisi," Sikitu alirudia. Akamkabidhi helmeti, si kwa upole. "Kanieleze hiyo Alhamisi siku nyingine. Leo sina nafasi yake."

Kengele ya uwanja ililia. Magari mengine yalikuwa yakijipanga, na kona ya sita haikuwa na mtu.

Dastan alilisukuma gari la chungwa ndani ya gereji, peke yake, akikataa kusaidiwa. Sikitu alifunga vifungo vya koti la njano mpaka shingoni, akaenda kwenye kituo chake, akasimama nyuma ya ukuta mahali panapotakiwa. Nakijwa aliingia chini ya dashibodi na Mwenza mkononi, akapima nafasi ya stopa ya mpira, akatoka kuitafuta patasi. Mzee Masumbuko Chilewa alivuka uwanja wa vumbi hadi kwenye uzio, ambako mtu wa redio alikuwa amekwisha kuinua kinasa sauti chake. Alikisogeza kando kwa mkongojo, akawapitishia wenzake chuma kupitia nafasi za waya, na mmoja baada ya mwingine wakakipapasa. Walikuwa madereva, na mikono yao iliujua mkunjo ule. Ngoma ilikatika kabla hajasema neno.